Shangazi, kidonge hiki hakiondoki leo wala kesho

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia hapa hadharani kwa ruhusa yako, kwa sababu wako wengi wenye boksi la amiodaroni, dawa ya kutuliza mdundo wa moyo, kama lako kabatini, na tuliyozungumza kwenye simu yanawahusu na wao. Wewe umenilea, na kazi yangu ni ufamasia, kwa hiyo sitazunguka.

Ulisema moyo umetulia, haudundi tena ovyo usiku, sasa kuna ubaya gani ukiruka kliniki safari hii, au ukiacha kumeza siku mojamoja ili mwili upumzike. Naelewa unakotoka. Umechoka kuwa mgonjwa. Lakini amiodaroni haipumzishwi hivyo.

Dawa nyingi unazozijua, ukimeza leo, baada ya siku chache mwili umeshazitoa. Hii huingia kwenye mafuta ya mwili, kwenye ini, kwenye mapafu, ikatulia humo. Kwa mtu aliyeitumia muda mrefu, nusu yake tu kwa wastani huchukua karibu miezi 2 kutoka, na kwa wengine zaidi ya hapo. Ndiyo maana mwanzoni ulimeza vidonge 3 kwa siku, vikawa 2, kisha ukabaki na 1 cha miligramu 200. Ulidhani daktari anakubania dawa. Hapana. Aliujaza mwili kwanza, kisha akashuka hadi kiwango cha kuulinda moyo bila kukuongezea madhara bure.

Kwa hiyo utulivu ulio nao ni kazi ya dawa iliyolundikana kwa miezi. Ukiiacha kimyakimya, wiki ya kwanza hutasikia lolote, na hapo ndipo watu hudanganyika kwamba hawakuihitaji. Vurugu za moyo zikirudi baadaye, mtu hakumbuki tena chanzo. Ukisahau dozi moja, iache ipite, meza inayofuata kwa wakati wake, usimeze mbili kwa pamoja. Na kama huwa unameza pamoja na chakula, endelea hivyo hivyo kila siku, maana chakula huongeza kiasi kinachoingia mwilini.

Sasa kliniki. Hapa naomba unisikilize zaidi.

Kidonge chako kimoja kina karibu miligramu 75 za madini joto, yaani iodini. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 150 tu, yaani miligramu 0.15, kwa siku. Si yote inayoachiwa kwenye damu, lakini hata hiyo inayoachiwa ni mara nyingi ya hitaji, na tezi ya thairoidi, ile ya mbele ya shingo, inaweza kuvurugika kwa namna mbili. Ikilegea, utasikia baridi wakati wenzako wanasikia joto, utaongezeka uzito, choo kitakuwa kigumu, utachoka. Kila mtu nyumbani atasema ni umri. Ikizidisha kazi, utakonda, utatoka jasho, mikono itatetemeka, na moyo utaanza tena kwenda mbio. Hii ya pili ndiyo inayonitia hofu, kwa sababu mgonjwa husema dawa imeisha nguvu, kumbe ni dawa yenyewe imeigusa tezi. Huwezi kuijua kwa kubahatisha. Ni kipimo cha damu, ambacho kwa kawaida hurudiwa kila baada ya miezi 6 hivi pamoja na kipimo cha ini. Hata daktari akiisimamisha dawa, tezi bado inaweza kusumbua miezi kadhaa baadaye, kwa hiyo vipimo huendelea.

Mapafu hupatwa mara chache zaidi, ila yakipatwa ni jambo zito. Kikohozi kikavu kisichoisha, au pumzi inayokatika kwenye ngazi ulizokuwa ukizipanda vizuri, usikitibu kwa dawa ya mafua. Mwambie daktari mapema, apige picha ya kifua. Macho yakianza kuona duara za mwanga kuzunguka taa usiku, mara nyingi si hatari, lakini uoni ukififia nenda kwa daktari wa macho bila kusubiri. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukawa mweusi, ini linadai kuangaliwa. Jua nalo litakuunguza upesi kuliko zamani: mikono mirefu, kofia, na mafuta ya kukinga jua.

Kuhusu fizi kutoka damu ukipiga mswaki, nashukuru ulikubali kwenda kupimwa siku ileile. Unatumia warfarini ili damu isigande, na amiodaroni hulizuia ini kuivunja, basi warfarini inapanda kwenye damu taratibu, wiki baada ya wiki. Mara nyingi dozi ya warfarini inabidi ipunguzwe kwa theluthi hadi nusu, na kupunguza huko ni kwa daktari baada ya kuona majibu, si kwa kukisia nyumbani. Digoksini, dawa nyingine ya moyo, nayo kwa kawaida hupunguzwa nusu. Simvastatini ya kolesteroli haifai kuzidi miligramu 20 kwa siku. Baadhi ya antibayotiki, klarithromaisini kwa mfano, zikichanganywa na dawa hii zinaweza kuleta mdundo mbaya wa moyo wenye kuua. Balungi na juisi yake achana nayo. Dawa za mitishamba usianze bila kuniuliza, nami sitakugombeza kwa kuuliza.

Ukitapika au kuharisha kwa siku kadhaa, usikae nalo. Mwili hupoteza madini ya potasiamu, na moyo uliokwisha pewa dawa hii hauvumilii upungufu huo. Na ukizimia, au ukahisi unataka kuzimia, au kifua kikabana, au mapigo yakawa polepole hadi nguvu zinakuishia, ni hospitali saa hiyohiyo, na maboksi yote ya dawa uende nayo.

Nakuomba uandike majina ya dawa zako zote na miligramu zake kwenye karatasi, ikae kwenye pochi yako. Daktari wa meno aione. Anayekuandalia upasuaji aione. Hata kama siku moja amiodaroni itasimamishwa, iache jina lake kwenye karatasi hiyo kwa miezi kadhaa, maana itakuwa bado imo mwilini.

Kliniki ni wiki ijayo, Shangazi. Uliza tezi, ini, kuganda kwa damu, na kipimo cha umeme wa moyo. Kama picha ya kifua haijapigwa mwaka huu, itaje. Ukitoka nitumie picha ya majibu, tuyasome pamoja jioni.

Mwanao