Dada mshauri, niwachukue kuku wa mama mkwe au niache?

Dada mshauri, salaam, na pole kwa majukumu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, naishi Nzuguni hapa Dodoma. Nimekuwa nikisoma unavyowajibu wenzangu, na leo nami nina langu.

Mama mkwe wangu yuko Manyoni, mkoani Singida. Ametutengea kuku wa kienyeji kumi na moja, mitetea kumi na jogoo, na ametuma ujumbe twende kuwachukua kabla mvua hazijaanza. Baadhi ni kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, na yeye anasema hao ndio wanaovumilia joto. Nawataka kwa moyo wote. Mtetea wa kienyeji akishataga mayai yake kumi na mawili au kumi na matano, unamwachia baadhi aatamie, na baada ya siku 21 una vifaranga ambavyo hukununua. Mengine watoto wanakula. Halafu kuku hai anayetoka kwa mkwe hakataliwi hivi hivi, wewe mwenyewe unajua.

Baba watoto amelifurahia wazo, ila amelikuza. Anataka tukope kwenye saccos yake tujenge banda la kuku wa mayai 200. Hoja yake ina uzito: tangu Serikali ihamie huku mji umejaa watu, na mayai hayakai dukani. Lakini nilichukua kalamu. Kuku wa mayai aliyekomaa anakula kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo 200 wanamaliza kilo 24, karibu nusu ya gunia la kilo 50, kila siku inayokuja. Na hawaanzi kutaga mpaka wiki ya 18 hadi ya 20. Muda wote huo tunalisha tu huku mshahara unakatwa. Yeye ni dereva, safari zake hazina ratiba. Wa kuwaangalia ni mimi, na mimi saa kumi na mbili na nusu asubuhi natakiwa niwe njiani kwenda shule.

Kuna na maji. Kwetu yanakuja kwa mgao, mara nyingi usiku wa manane, tena kwa presha ndogo isiyopanda kwenye simtanki. Naamka, naweka mpira kwenye pipa, likijaa nahamishia kwenye ndoo, zikijaa ndoo natoa masufuria. Kuku anakunywa karibu mara mbili ya anachokula, na joto la Oktoba linapopamba moto anazidisha. Hao 200 wangetaka karibu lita 50 kwa siku kabla hujaosha vyombo vyao. Kuku kumi na moja lita tatu au nne zinawatosha siku ya kawaida, na hizo sitazikosa. Kwa hiyo la kuku 200 mimi nimeshalifunga moyoni, na naomba unisaidie namna ya kulisema nyumbani bila mume wangu kuona nimemdharau.

Ninachokiogopa kwa hao wa kienyeji ni kideri. Niliwahi kukiona kijijini kwa mama mkwe wakati wa kiangazi. Kuku wanazubaa, mabawa yananing'inia, kinyesi kinakuwa cha kijani, wengine shingo inapinda mpaka kichwa kinatazama mgongoni. Haikupita wiki, mabanda ya majirani karibu wote yalikuwa tupu. Najua chanjo ipo, tone moja jichoni, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Lakini kichupa kimoja kinachanja kuku wengi kuliko nitakaokuwa nao, na kikishafunguliwa hakitunzwi. Wenye kuku wachache mjini mnafanyaje? Mnachangishana mtaa mzima siku moja?

Chakula hakinisumbui sana. Mashudu ya alizeti hapa kwetu si shida, pumba ipo, mtama upo. Ila wapo wanaonishauri niwape kuku mahindi yaliyoota ukungu, eti yasipotee. Hilo sitalifanya. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na Manyara, na kuku nao inawadhuru.

Sasa kinachonikosesha usingizi hasa. Kiwanja chetu kina kivuli kimoja tu, mwarobaini ulio upande wa magharibi, ukutani kwa jirani. Upepo wetu, na unajua unavyovuma kuanzia Juni, unatoka mashariki na kusini mashariki. Nikiweka banda chini ya mwarobaini, vumbi la pumba, manyoya na harufu vyote vinakwenda kwenye dirisha la chumba cha mtoto wa jirani. Mtoto huyo ana pumu. Namfundisha mwenyewe darasa la nne. Dawa yake ya kuvuta anatembea nayo mfukoni mwa kaptula, na nimeshamshika mgongo akiwa anahangaika kupumua. Upande wa mashariki hakuna hata kichaka, na chini ya bati kwenye jua la mchana kuku watahema mpaka wafe.

Nilipomgusia mama yake alicheka, akasema, "Walete tu mwalimu, mayai tutakula wote." Ni mtu mwenye adabu nyingi, na mimi ni mwalimu wa mwanawe. Sijui kama angeweza kuniambia hapana. Nampenda yule mtoto, na sitaki mama yake anyamaze kwa kunistahi huku mwanawe anabanwa kifua usiku.

Dada, banda la kuezeka kwa nyasi nene upande wa mashariki, lenye wavu pande zote, linaweza kutuliza joto kiasi cha kuku kuishi? Na hata likiwa huko, kwa upepo huu umbali wa kiwanja kimoja unamsaidia mtoto mwenye pumu, au najidanganya? Nimwulizeje jirani kwa namna ambayo atakuwa huru kukataa? Na kama jibu ni kuacha, nimwambie nini mama mkwe, ambaye tayari amewafunga kuku wangu vitambaa vyekundu miguuni ili wasiuzwe?

Naomba unijibu mapema, maana baba watoto ana safari ya Singida mwezi ujao na tenga limeshanunuliwa.

Wako,
Mwalimu, Nzuguni, Dodoma