Wanangu wa Kisumu, Ficheni Majina Yenu

Kwa vijana wote, hasa mabinti zangu, mnaoshinda kwenye vikundi vya mtandaoni kuanzia Kondele na Mamboleo hadi Nyalenda na Dunga,

Salamu nyingi. Nimekaa na hasira kwa majuma kadhaa, na leo nimeona niitoe.

Kuna binti ninayemfahamu tangu akibebwa mgongoni. Ananyonyesha mtoto wake wa kwanza na anatumia ARV, dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI. Alijiunga na kikundi cha WhatsApp cha akina mama, watu mia kadhaa wasiojuana, kwa sababu kliniki ya karibu na kwao ina shemeji yake na hakutaka kuulizia pale. Kabla ya kuuliza aliondoa picha yake, akajiita Waridi, akadhani amejificha. Swali lenyewe lilikuwa la busara: mtoto ataendelea na dawa ya kinga hadi lini ikiwa bado ananyonya? Mwanamke mmoja humo ndani akaichukua namba yake, akaiingiza kwenye simu kama mtu anayetaka kutuma pesa, majina halisi yakajitokeza. Skrinishoti ya swali na skrinishoti ya majina zikatembea pamoja hadi zikafika kwenye chama chake, kikundi cha akina mama wanaochangiana pesa. Walipoketi tena kwa chai, kikombe chake kilikuwa kimetiwa alama ya rangi ya kucha, nyekundu, chini ya kishikio. Nilikiona kwa macho yangu. Aliyekitia alama aliniambia ni kwa usalama wa wote. Miaka yote hii tumefundishwa kuwa virusi haviambukizwi kwa kikombe, hapa hapa Nyanza ambako hakuna boma ambalo halijazika, na bado mtu mzima anakaa akipaka kikombe cha mwenzake rangi!

Wanangu, nisikilizeni vizuri hapa kwenye namba, kwa maana ndipo wengi wenu mnapoumia. Kubadilisha jina kwenye kikundi kinachoonyesha namba yako ya simu si kujificha. Ukiwa kwenye kikundi cha kawaida cha WhatsApp, mwanachama yeyote anaiona namba yako. Na namba ya Kenya ni kitambulisho kamili: laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa, na huduma za pesa humwonyesha anayetuma jina la mpokeaji ili asikosee. Jambo hilo limewekwa kwa nia njema na limewaokoa watu wengi pesa zao. Lakini mbea naye amelijua. Hahitaji utaalamu wowote. Anaingiza namba, anasoma jina, anaghairi kutuma. Hata senti haimtoki.

Kwa hiyo jambo la siri usilipeleke mahali ambapo namba yako inaonekana. Telegram inakuruhusu kuificha namba na kutumia jina la kubuni, ila uingie mwenyewe kwenye mipangilio ya faragha, uzuie watu kuiona namba na pia uzuie kutafutwa kwa namba, maana hayo ni mambo mawili tofauti na wengi hufunga moja wakaacha jingine. Signal nayo tangu 2024 ina majina ya watumiaji, ili usilazimike kumpa mtu namba. Facebook inataka jina lako la kila siku, lakini vikundi vyake vingine vinaruhusu kuuliza bila jina. Hapo ujue kwamba wanachama hawakuoni, ila msimamizi anakuona. Basi mjue msimamizi ni nani kabla hujafungua moyo.

Mengine nitayasema kwa ufupi. Lakabu, yaani hilo jina la kubuni, iwe na barua pepe yake, isiyo na jina lako. Usitumie lakabu moja kila mahali, kwa sababu anayekufuata ataunganisha. Usitie mwaka wa kuzaliwa wala jina la kwenu ndani yake. Usiweke picha uliyokwisha kuiweka kwingine. Programu ikiomba orodha ya watu walio kwenye simu yako, ikatalie.

Halafu kuna maneno yenu wenyewe. Nimemwona kijana amejificha vizuri kabisa, jina la kupanga, hakuna picha, kisha anaandika kwamba yeye ni mwalimu wa hesabu, mke wake amejifungua pacha mwezi huu, na nyumba yao inatazamana na soko la Kibuye. Walimu wa hesabu wako wengi, na pacha si wachache. Mwalimu wa hesabu mwenye pacha wa mwezi mmoja karibu na Kibuye ni mmoja tu, na mtaa mzima unamjua. Badilisha. Sema unafanya kazi ya ofisi, sema mtoto, sema mji mmoja wa magharibi. Ushauri utakaopewa hautapungua hata kidogo.

Najua wapo ndugu zangu wa kanisani watakaosema kwamba anayeficha jina ana ovu analolificha. Nimelisikia hilo likisemwa kwa sauti ya mahubiri, na ninalipinga. Sisi tuliokua tukituma kadi za salamu kwenye idhaa ya taifa ya KBC tulikuwa na lakabu zetu, na hakuna aliyetuita waongo. Washairi wa magazetini wana zao hadi leo. Akina dada Brontë wa Uingereza walitoa mashairi yao mwaka 1846 kwa majina ya Currer, Ellis na Acton Bell, kwa kuwa waliona mwandishi mwanamke anahukumiwa kwa jinsia yake. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na kutofichuliwa mambo ya familia yake na ya binafsi pasipo sababu. Binti yule alitaka kujua jinsi ya kumlinda mtoto wake. Ovu liko wapi hapo? Ovu liko kwetu sisi tuliomfanya aogope kuuliza kwa jina lake. Tukiambiwa fulani anaumwa, kwanza tunauliza anaumwa nini, kisha amepatia wapi; pole inakuja baadaye, kama ikija. Tunaombea wagonjwa Jumapili na kuwasema Jumatatu. Jamii ya namna hiyo haina haki ya kudai majina ya watu.

Lakini lakabu isiwe pazia la kutukania watu, kuuzia watu bidhaa hewa, au kumwandama msichana aliyekukataa. Anayefanya hivyo asije kwangu kutafuta huruma. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 ipo, na jina la kubuni halimzuii mpelelezi mwenye amri ya mahakama kukufikia. Wala msidhani kwamba wanaofikiwa ni wakosaji peke yao. Juni 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang, alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya chapisho la mtandaoni kuhusu afisa mkuu wa polisi, akapelekwa Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi. Alikuwa na umri wa kuwa mwanangu. Siandiki haya ili mnyamaze. Naandika ili mjue kwamba lakabu inakukinga na jirani mbea, na mkuu wa kazi, na shemeji. Dhidi ya dola inahitajika nchi yenye kufuata sheria, na hiyo ni kazi yetu wote.

Wasimamizi wa vikundi, nanyi ninawasema. Mmepewa siri za watu mkazichukua kama vile mmepewa zamu ya kufungua na kufunga mlango. Anayetoa skrinishoti ya swali la mwenzake aondolewe siku hiyo hiyo, hata kama ni rafiki yako, hata kama ndiye anayechanga zaidi.

Na wewe uliyefichuliwa, usijifungie ndani. Sheria ya kudhibiti UKIMWI ya 2006, kifungu cha 22, inakataza kufichua hali ya mtu bila idhini yake, na sheria hiyo imeunda baraza maalumu la kusikiliza malalamiko. Habari zako nyingine za binafsi zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Malalamiko yanapelekwa kwa Kamishna wa Data, ambaye anatakiwa kuyachunguza na kuyamaliza ndani ya siku 90. Mwaka 2023 kamishna huyo aliipiga shule moja ya Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, kwa hiyo msiambiwe kwamba ni karatasi tupu. Usifute chochote kwa hasira. Hifadhi jumbe, tarehe na namba za waliosambaza, kisha mtafute mtu mzima unayemwamini akusindikize.

Ni mimi mama yenu,
Nyar Seme, Kisumu