Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mafunzo ya Haki Rejeshi na Usuluhishi Vijijini, Kaunti ya Kilifi

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana mliofika,

Katiba ya chama chetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa ya mwaka kabla ya mweka hazina kusoma hesabu. Nitaufuata utaratibu huo, ila nawaarifu mapema kwamba sehemu kubwa ya maneno yangu itahusu mambo mawili: mafunzo ya wasuluhishi tuliyoyaendesha mwaka huu, na kosa tulilolifanya la kuharakisha upatanisho ambao ulikuwa haujaiva. Ukarabati wa banda la mikutano, kadi za uanachama na mengine ya namna hiyo yamo katika kumbukumbu za katibu mlizopewa mlangoni, nami sina cha kuyaongezea.

Nianze na msingi tunaousimamia, kwa sababu wapo majirani wanaotuuliza ni nani aliyetupa mamlaka ya kukaa chini ya mwembe na kusikiliza kesi. Jibu ni kwamba hatusikilizi kesi. Hatuna hakimu, hatuna rungu, wala hatuna uwezo wa kumlazimisha mtu yeyote aje. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize maridhiano, upatanishi na njia za kijadi za kutatua migogoro. Kifungu hicho hicho kinaziwekea njia hizo mipaka: zisivunje haki za kimsingi za binadamu, zisiende kinyume na uadilifu, na zisipingane na sheria. Mwaka 2016 Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga, aliunda jopo lililoongozwa na Jaji Joel Ngugi ili kuchunguza mifumo hii ya wananchi, na mwezi wa Agosti 2020 Jaji Mkuu David Maraga akaizindua Sera ya Mifumo Mbadala ya Haki. Zamani kabla ya hayo yote, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu cha 176, ilikwisha kumruhusu hakimu kuhimiza mapatano katika shambulio la kawaida na makosa mengine madogo ya kibinafsi. Kwa hiyo mlango tunaopitia ni halali na ni mpana, lakini una kizingiti, na nitakirudia kizingiti hicho mbele kidogo, kwa kuwa mwaka huu kuna waliotaka tukiruke.

Sasa mafunzo. Wawezeshaji walituambia siku ya kwanza kwamba haki rejeshi huanza na maswali tofauti na yale ya mahakama. Mahakama huuliza ni sheria gani imevunjwa, nani aliyeivunja na anastahili adhabu gani. Sisi tunauliza ni nani aliyeumia, anahitaji nini, na ni nani mwenye wajibu wa kulitengeneza lililoharibika. Walitusimulia kisa cha mji mdogo wa Elmira, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, ambako mwaka 1974 vijana wawili waliharibu mali za watu 22 katika usiku mmoja wa ulevi. Afisa wa urekebishaji tabia aliyekuwa akiwasimamia alipendekeza kwa hakimu kwamba vijana hao wapelekwe wakabishe hodi nyumba kwa nyumba, wamtazame kila waliyemharibia, na wakubaliane juu ya malipo. Hakimu akakubali, na jambo lile likawa mwanzo wa programu zilizosambaa baadaye katika nchi nyingi. Mzee mmoja wa kwetu alisikiliza kisa hicho hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole iwapo Wakanada walihitaji kufikia mwaka 1974 ndipo wajue kwamba aliyevunja mtungi wa jirani hupelekwa kwa huyo jirani. Tulicheka, lakini naamini swali lake lilikuwa na upungufu wake pia. Desturi zetu zilijua kumpeleka mkosaji kwa mkosewa. Mara nyingi hazikujua kumwacha mkosewa aseme mwenyewe, hasa akiwa mwanamke au kijana, kwani wazee wa ukoo ndio waliomsemea, na fidia ndio walioipokea.

Kwa sababu hiyo mfano uliotugusa zaidi ulitoka nchini mwetu, Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Mwaka 1993, koo zilipokuwa zikiuana na wanawake wa ukoo mmoja wakishindwa kuuziana na wenzao sokoni, akina mama wachache waliamua kuanzia pale pale sokoni, wakaweka watu wa kuangalia kwamba kila mmoja anaweza kununua na kuuza bila kuulizwa ukoo wake. Kutoka sokoni wakawafuata wazee, kisha vijana, kisha maafisa wa serikali. Marehemu Dekha Ibrahim Abdi, aliyekuwa mmoja wao, alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Washiriki wetu wa kike walikataa tuendelee na ratiba mpaka tumejadili ni kwa nini orodha ya wasuluhishi wetu ilikuwa bado na wanaume wengi kuliko wanawake. Sikuwa na jibu la kuwaridhisha, na hoja ya kwanza mtakayoipigia kura leo imetokana na mjadala huo.

Zoezi lililotushinda kwa muda mrefu zaidi lilikuwa la kunyamaza. Tuliketi kwa duara juu ya mikeka, kata ya kifuu cha nazi ikizungushwa kutoka mkono hadi mkono, na aliyeishika ndiye aliyeruhusiwa kusema. Wengi wetu, nami nikiwa mmojawapo, tumezoea mabaraza ambamo mwenye sauti ndiye mwenye hoja. Kata ilipomfikia binti mmoja aliyekuwa akiigiza kama mtu aliyeibiwa, aliishika bila kusema neno kwa dakika nzima, na watu watatu walijaribu kumsaidia maneno. Mwezeshaji aliwazuia wote watatu. Binti aliposema hatimaye, alisema jambo ambalo hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyelidhania: kwamba kilichomuuma hakikuwa kuku wake, bali kwamba mwizi alijua siku ambayo yeye alikuwa mazikoni.

Kati ya mashauri tuliyoletewa baada ya mafunzo, nawasimulia moja, kwa idhini ya wahusika na bila kuwataja. Kijana mmoja alikwea minazi ya mgema usiku na kuyakata kwa panga makarara, yale mafumba ya maua yanayogemwa tembo, baada ya mgema kukataa kumuuzia tembo kwa mkopo. Naibu wa chifu ndiye aliyewaleta kwetu. Mama wa kijana alifika na fedha mkononi, akitaka kulipa na kuondoka kabla jua halijapanda, na zamani tungezipokea, tukawapatanisha kwa kupeana mikono, tukaandika kwamba shauri limekwisha. Safari hii tulimpa kata mgema kwanza. Alieleza, huku akiigeuzageuza kotama yake, kisu cha kugemea, kwamba mnazi hutoa karara jipya kama mara moja kwa mwezi, na kwamba karara lililokatwa ovyo halirudi. Kila mnazi ulioguswa ulikuwa umemwondolea wiki kadhaa za riziki, na wateja wake walikuwa wamekwisha kuhamia kwa mgema mwingine. Hakuna fedha iliyoletwa na mama iliyokuwa imehesabu wateja. Kijana hakuwahi kufikiri kwamba mnazi una kalenda. Makubaliano yaliyotoka hapo yalikuwa ya kazi: palizi chini ya minazi, kushona makuti ya kuezekea kibanda cha mgema, na kuzunguka na mgema kwa wale wateja waliohama akiwaeleza mwenyewe ni kwa nini tembo lilikosekana. Mwanachama wetu alikwenda kuangalia kila Jumamosi. Jumamosi mbili kijana hakuonekana, na tuliyaandika hayo kama yalivyokuwa. Kazi imekamilika, ingawa sitawaambia kwamba wale wawili sasa ni marafiki; wanasalimiana tu.

Nafika kwenye kosa letu. Tunajua sote hali ya wazee katika kaunti hii. Wapo waliouawa na wapo waliofukuzwa makwao kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi ukichimba chini ya tuhuma unakuta shamba ambalo vijana wa ukoo wanataka kuliuza au kuligawana. Wako wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisiwaponze. Kituo cha Kaya Godoma kule Ganze kimewapa hifadhi wengi waliokimbia, na tunakishukuru, lakini mtu hazaliwi ili azeekee kwenye hifadhi. Sheria nayo inasaidia nusu nusu: Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 inamfanya mkosaji yule anayemwita mwenzake mchawi, ila haimgusi anayepeleka tuhuma hiyo kwa chifu au polisi.

Mwaka huu tulijaribu kumrudisha nyumbani mzee mmoja. Tulifanya vikao viwili na watoto wa ndugu yake, wakasema hawana neno naye, wakatia sahihi. Tulikuwa tumepanga vikao vinne. Viwili vya mwisho tuliviacha kwa sababu wageni waliokuwa wakitusaidia kwa fedha walikuwa wanakuja kutazama kazi yetu, na kamati, nikiwa mwenyekiti wake, ilitaka wageni wamshuhudie mzee akirudi. Walimshuhudia. Palikuwa na ngoma, pilau na picha. Wiki chache baadaye binti yake alinipigia simu akaniambia kwamba hakuna aliyempiga wala kumtukana baba yake, lakini watoto wa pale nyumbani walikuwa wamekatazwa kumchotea maji, na mlango wa jikoni ulikuwa ukifungwa kila alipopita. Mzee aliondoka mwenyewe alfajiri, akaenda kwa binti yake, na hadi leo yuko huko. Hakuna mtu katika vikao vile viwili aliyekuwa ameulizwa habari za shamba. Tuliomba msamaha usemwe kabla deni halijatajwa, na wale vijana walikubali kusema tulichotaka kusikia. Nilikwenda kwa mzee kumwomba radhi. Alinikaribisha uji, akaniuliza kama zile picha zilitoka vizuri.

Kuhusu kizingiti nilichokitaja. Mwaka huu familia tatu kwa nyakati tofauti zilitujia zikitaka tuyamalize nyumbani makosa ya kunajisi watoto, kwa maslaha, yaani mapatano ya kifamilia ya kulipana mbuzi na fedha. Tulikataa mara zote tatu na kuwaelekeza kituo cha polisi na hospitali. Baadhi yenu mlinilaumu, mkisema kwamba mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali hata shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kupatana. Ni kweli ilikubali, lakini ombi lile lililetwa na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na likapimwa na jaji. Halikuamuliwa na wazee chini ya mwembe. Zaidi ya hayo, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haimpi mzee, chifu wala mzazi uwezo wa kusimamisha uchunguzi. Nami nasema bila kuzungusha maneno: mtoto hana sauti katika maslaha, na mbuzi haendi kwake. Mwanachama atakayeshiriki kikao cha namna hiyo, hata kama ni kwa jamaa yake, atakuwa amejiondoa katika chama.

Juu ya posho nitasema machache. Tumelipa nauli na chai, basi. Wapo wasuluhishi waliopokea kitu kutoka kwa upande mmoja wa mgogoro, wakiita shukrani, na kamati imewasikiliza na kuwarudishia wenyewe kazi ya kukirudisha kile kitu mbele ya pande zote mbili. Mahusiano yetu na mahakama na ofisi ya urekebishaji tabia ni mazuri, na mashauri wanayotuletea yanafika yakiwa na maandishi kamili, jambo ambalo sisi bado hatuwarudishii kwa uangalifu unaostahili.

Hoja tatu ziko mbele yenu kabla mweka hazina hajasimama. Ya kwanza ni kwamba hakuna kikao kitakachofunguliwa pasipo wasuluhishi wanawake wasiopungua nusu. Ya pili, hakuna makubaliano yatakayotangazwa kuwa yamekamilika kabla ya miezi sita ya kufuatilia, na katika muda huo mgeni yeyote, awe mfadhili au kiongozi, asialikwe kuyatazama. Ya tatu ni kwamba shauri la yule mzee lifunguliwe upya kuanzia suala la shamba, likiongozwa na wasuluhishi wengine, mimi nikikaa nje ya duara. Binti yake amekubali. Mzee amesema atafikiri, na ameomba kwanza aletewe majina ya watakaokaa.