Wazee, tukae na watoto wetu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazee wenzangu wa Pemba. Mwanangu yuko darasa la kwanza hapa Wete. Msimu huu wa karafuu, jioni tukichambua mkekani, humwambia ahesabu makonyo, vile vijiti vya karafuu, kumi kumi, kisha aandike idadi kwenye daftari. Dakika kumi tu. Mwanzo alikuwa akigeuza 6 ikawa 9, sasa hakosei.

Wengi husema, “Mimi sikusoma, nitamsaidia nini?” Jamani, muulize leo kasoma nini. Mwambie akusomee kwa sauti, hata kama wewe herufi huzijui; usiku mhadithie paukwa pakawa. Na skulini twende kumuona mwalimu mapema, tusingojee kuitwa kwa kesi.

Mzazi,
Wete, Pemba