Kaka yangu anataka kuuza shamba la baba ili alipie ada za urithi wa London

Ndugu Mshauri,

Ninakuandikia kutoka Ujiji, mkoani Kigoma, kuomba ushauri juu ya jambo ambalo limeigawa familia yetu na ambalo, likiachwa liendelee kama linavyokwenda, litatuondolea shamba pekee tuliloachiwa na marehemu baba. Kaka yangu mkubwa, mstaafu aliyekwisha kuvuka miaka 60, anaamini kwamba benki moja ya London inamtunzia urithi wa pauni milioni 3 na ushei, na kwamba kinachomzuia kuzipata ni ada tu. Mimi sina shaka kwamba huo ni utapeli, kwa hiyo sikuulizi kama habari hiyo ni ya kweli au si ya kweli. Ninachoomba ni kuelekezwa namna ya kumzuia mtu mzima, mwenye akili timamu na heshima zake mtaani, asiwape matapeli mali ambayo si yake peke yake.

Ili unielewe, sina budi kukueleza habari za baba mdogo. Baba yetu alikuwa na mdogo wake ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipanda treni kwenda Dar es Salaam kutafuta kibarua bandarini, na baadaye tukasikia kwamba amezamia meli. Barua yake ya mwisho ilitoka Ugiriki, ikieleza kwamba anatarajia kuvuka kwenda Uingereza. Kwa watu wa huku habari ya namna hii si ngeni, maana ni nyumba chache za Ujiji au Mwanga zisizokuwa na mtu wao ng'ambo ya ziwa, Kalemie, Uvira au Bujumbura, na zipo zenye mtu aliyekwenda mbali zaidi akanyamaza moja kwa moja. Bibi alifariki akimsubiri. Baba naye mpaka anaingia kaburini hakukubali mdogo wake asomewe hitima, akisema kwamba huwezi kumsomea mtu ambaye hujui alipofia.

Miaka michache iliyopita mtoto wa dada yetu aliweka katika Facebook picha ya zamani ya baba mdogo, pamoja na majina yake matatu, mwaka aliozaliwa, mji aliotoka na namba ya simu ya kaka, akiomba yeyote aliyewahi kuonana naye ajitokeze. Nia yake ilikuwa njema, lakini nina hakika matapeli walianzia hapo, kwa sababu yote waliyoyasema juu ya marehemu yamo katika tangazo lile, wala hawajawahi kutamka hata jambo moja lisilokuwemo. Nilimwomba kaka awaulize kitu kidogo tu ambacho kila mtu wa nyumba yetu anakijua: baba mdogo alikuwa amepungukiwa na kidole cha mkono upi? Kaka alinijibu kwa hasira kwamba benki hutunza fedha za wateja, haitunzi vidole vyao.

Aliyemtafuta kwanza alijitambulisha kuwa ofisa wa kitengo cha mirathi wa benki hiyo. Aliandika kwa Kiingereza cha kiofisi, akatuma picha ya kitambulisho chake cha kazi, akaeleza kwamba mteja wao amefariki bila wosia wala mke wala mtoto, na akaonya kwamba habari hiyo isizungumzwe na mtu yeyote mpaka fedha zitoke. Anwani yake ya baruapepe ni ya bure, ya aina ambayo hata mimi ninayo. Aliambatisha pia cheti cha kifo, na nilipoomba kukiona nikakuta kimegongwa mhuri wa benki. Tangu lini benki ikatoa vyeti vya vifo? Hapa kwetu kazi hiyo ni ya RITA, wakala wa serikali wa usajili, na huko Uingereza nako ni ya msajili wa serikali.

Hata hivyo, anayemshika kaka hasa si huyo wa London. Ni yule anayeitwa wakili wa benki, ambaye anasema ofisi yake iko Dar es Salaam na ambaye anazungumza Kiswahili safi. Huyu hupiga simu karibu kila asubuhi. Huanza na shikamoo, humwuliza mzee kama goti limepata nafuu, hutaka kujua kama mvua imenyesha na kama wajukuu wamefika shule, kisha ndipo hutaja ada iliyobaki. Watoto wa kaka, ambao wote wako mbali kikazi, hawampigii kwa mfululizo namna hiyo, na nadhani sitamwonea mtu nikisema kwamba hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Fedha nazo haziendi London. Hutumwa kwa simu kwenye namba za hapa hapa nchini, na kila mara jina linalotokea kwenye kioo kabla ya kuweka namba ya siri huwa la mtu mwingine, mara mwanamke, mara kijana, na maelezo yanayotolewa ni kwamba hao ni makarani wa wakili.

Kuna jambo lililonifanya nielewe kwa nini maneno yangu hayamwingii. Walimpa anwani ya tovuti inayofanana na ya benki, pamoja na jina na neno la siri la kuingilia. Alinikalisha sebuleni akanifungulia, na kweli tuliona jina la ukoo wetu likiwa limeandikwa juu, na chini yake salio la hizo pauni milioni 3. Alibonyeza sehemu ya kuhamisha, ukatokea mstari wa kijani uliokuwa ukijaa taratibu mpaka ukafika asilimia 87, ukasimama, na papo hapo ukaja ujumbe kwamba uhamisho umezuiwa mpaka iwekwe namba maalumu ambayo hutolewa baada ya malipo. Mtu aliyekwisha kuona jina la babu yake likiwa juu ya fedha nyingi kiasi hicho utamwambia nini akuelewe? Nilimwambia kwamba kuchora ukurasa kama ule ni kazi ya siku moja kwa kijana anayejua kompyuta. Alinitazama kwa huruma, kama kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikidanganywa.

Ada hizo zimekwenda kwa hatua. Ilianza ya kufungua faili, ikaja ya kiapo, ikafuata ya cheti cha kuthibitisha kwamba fedha hizo hazihusiani na ugaidi, na sasa wanadai kodi ya mirathi ya Uingereza. Sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake imekwisha humo. Ofisa mmoja wa benki hapa mjini, ambaye nilimweleza bila kutaja jina la kaka, alisema kwamba utaratibu huo haupo popote, kwa sababu benki haina mamlaka ya kumchagulia marehemu mrithi. Hapa kwetu benki hungoja mtu mwenye barua ya mahakama inayomteua kuwa msimamizi wa mirathi. Mwanangu naye alinisomea maelezo ya serikali ya Uingereza yenyewe: kodi ya mirathi hulipwa kutoka katika mali ya marehemu, na anayeishughulikia ni msimamizi wa mirathi, si mrithi kwa kutuma fedha kwa simu, na mtu akifa huko bila wosia wala ndugu anayejulikana, mali yake huwa ya Taji, yaani ya dola ya huko, na serikali ilikuwa ikitangaza majina ya marehemu wa namna hiyo bila malipo ili ndugu wajitokeze, nao hupewa miaka 12 ya kudai. Tulilitafuta jina la baba mdogo katika orodha hiyo na hatukuliona, ingawa kaka alisema hilo linathibitisha kwamba benki imeificha fedha hiyo kwa ajili yake.

Tulijaribu pia njia zinazotangazwa. Namba zote za makarani hao tulizituma kwenda 15040, ile namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli, na wakati nikifanya hivyo kaka alikuwa akipewa namba nyingine mpya. Kuhusu polisi, najua kwamba tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao, na nimeambiwa kwamba mwenye kulalamika vizuri ni yule aliyetoa fedha, kwa kuwa ndiye mwenye ujumbe na kumbukumbu za miamala. Kaka hataki hata kusikia. Kisha likatokea lililonivunja moyo zaidi. Alipigiwa na mtu aliyesema anatoka Benki Kuu, akampa pole, akamweleza kwamba baadhi ya matapeli wamekamatwa na kwamba yeye ni miongoni mwa watakaofidiwa, ila alipie kwanza gharama za kushughulikia faili. Mimi niliona kundi lile lile likirudi kwa mlango wa nyuma. Kaka yeye alichosikia ni kwamba fedha zipo, kwa hoja kwamba Benki Kuu haiwezi kumfidia mtu kwa kitu ambacho hakipo.

Sasa nifike kwenye shamba. Ni shamba la michikichi la ekari 4, katika kijiji kimoja kupita Mwandiga. Ile michikichi ya zamani aliipanda baba, na upande wa chini mimi na mume wangu tumepanda miche ya Tenera, ile mbegu bora ya michikichi, iliyotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Kihinga, ambayo imeanza kuzaa juzi juzi. Kaka amempata mnunuzi. Anasema atauza, atalipa hiyo kodi ya London, na fedha zikitoka atatununulia sisi wote mashamba makubwa zaidi ya hilo. Ndugu wawili wamekwisha kukubali, na sababu yao ni kwamba nao walimchangia ada za mwanzo kwa ahadi ya mgawo, hivyo kusema leo kwamba ni utapeli ni kukubali kwamba michango yao imekwenda na maji. Hao nawaogopa kuliko ninavyomwogopa kaka, kwa sababu kaka anaamini, ilhali wao wanatumaini tu huku wakijua.

Udhaifu wetu ni kwamba baba alifariki mwaka 2009 na mirathi yake haijawahi kufunguliwa mahakamani. Tulisomewa mafungu yetu kwa sheria ya dini mbele ya shehe na wazee, tukaridhika, na karatasi za shamba zikabaki kwa kaka kwa kuwa ndiye mkubwa. Nimeulizia nikaambiwa kwamba Mahakama ya Mwanzo inaweza hata sasa kuteua msimamizi wa mirathi ya baba, na kwamba ardhi ya kijiji haiwezi kuhamishwa kihalali bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Wifi yangu naye ana hofu juu ya nyumba wanayoishi, maana ameanza kusikia ikitajwa. Nilimtuliza kwa kumweleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Lakini alinijibu kwamba ridhaa si kitu kigumu kuipata kwa mwanamke ambaye hataki ugomvi ndani ya nyumba yake.

Hapo ndipo ninapokwama, Ndugu Mshauri. Nikienda kwa mwenyekiti wa kijiji kuweka pingamizi, au nikifungua mirathi mahakamani, shamba huenda likapona, lakini itakuwa mimi, mdogo wake wa kike, nimemshitaki kaka aliyenisomesha baada ya baba kuugua, na hapa Ujiji habari hiyo itafika sokoni kabla sijarudi nyumbani. Nikinyamaza, shamba litakwenda. Je, wewe unaona niende kwa kijiji kimya kimya kwanza, au niwaite wazee wa ukoo pamoja na shehe aliyetusomea mafungu, nao wamwambie wao? Naogopa kwamba akibanwa na wazee ataharakisha kuuza kabla hawajakutana mara ya pili.

Lipo na jambo jingine ambalo nimelifikiria bila kupata wa kumshirikisha. Naona kaka hatafuti fedha peke yake. Kila tunapomwambia kwamba hakuna urithi, yeye husikia tukisema kwamba baba mdogo hakuwahi kufika popote. Nimesoma kwamba nakala ya cheti cha kifo cha mtu aliyefia Uingereza inaweza kuombwa na mtu yeyote kwa msajili mkuu wa huko, na najua kwamba Msalaba Mwekundu husaidia kutafuta ndugu waliopotezana kwa vita na uhamaji, kwani tumewaona wakifanya kazi hiyo kwa wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu. Nikimwambia kaka kwamba tumtafute baba mdogo kwa njia hizo, kwa sharti kwamba hatatuma hata shilingi wala hatagusa shamba mpaka majibu yarudi, je, nitakuwa nimempa njia ya kurudi nyuma bila aibu, au nitakuwa nimeongeza kuni kwenye moto wake? Mume wangu anasema hiyo ni kumbembeleza mtu mzima. Mimi sijaona kingine ambacho kaka angekubali kukisikiliza mpaka mwisho.

Mnunuzi ameahidi kuleta malipo ya kwanza mwishoni mwa mwezi huu, kwa hiyo nitashukuru nikipata jibu kabla ya hapo, hasa juu ya kipi kianze kati ya kijiji, mahakama na wazee. Naomba jina langu lisitajwe, kwani kaka ni msomaji wako pia.

Wako,
Msomaji, Ujiji