Malalamiko: mlinipotosha kwa pensheni yangu, narudishiwa lini pesa yangu

Kwa Meneja, ofisi yenu ya ushauri wa kustaafu, Arua, Uganda

Bwana Meneja, salamu. Mimi nilikuwa karani wa wilaya miaka 26 na niliwalipa nyinyi shilingi 850,000 mnisaidie mambo ya kustaafu. Naandika na uchungu mwingi kwa sababu ushauri wenu umeniharibia uzee wangu.

Mwaka jana kijana wenu alikuja pale kantini tunakula mchana, akaanza, mzee wangu usingoje miaka 60, ukitoka sasa na hii 53 yako unabeba kiinua mgongo cha milioni 40 unajenga, na hiyo namba akaniandikia kwa karatasi yenye muhuri wenu, ninayo mpaka leo. Kwamba mtu wa miaka 45 aliyefanya kazi miaka 10 anaweza kuomba kutoka mapema, hiyo ni kweli, sikatai. Lakini vile ningepoteza hakuniambia hata kidogo.

Kumbe hesabu yenyewe haina siri, ofisa wa wafanyakazi wa wilaya alinionyesha kwa dakika kumi na hakuniomba hata shilingi. Unachukua miezi yote uliyofanya kazi, unagawa kwa 500, unazidisha na mshahara wa mwaka, hapo unapata pensheni ya mwaka. Mimi miezi yangu ni 312, mshahara wangu wa mwisho ulikuwa 600,000 kwa mwezi ndio 7,200,000 kwa mwaka, kwa hiyo pensheni ni 4,492,800. Theluthi yake wanaizidisha mara 15 wanakupa mara moja, hicho ndicho kiinua mgongo: 22,464,000. Theluthi mbili zinazobaki wanagawa kwa miezi 12, unalipwa kila mwezi 249,600. Sasa hiyo milioni 40 mliitoa wapi? Hata mtu aliyefika kikomo, maana pensheni haipiti asilimia 87 ya mshahara, kwa mshahara kama wangu angepata 31,320,000. Milioni 40 haipo popote bwana.

Na kama ningevumilia ile miaka saba mpaka 60, miezi ingekuwa 396, kiinua mgongo 28,512,000 na kila mwezi 316,800, hapo sijaweka kama mshahara ungepanda, na hesabu yote inafuata mshahara wa mwisho kwa hiyo ukipanda kila kitu kinapanda. Mimi nilishaandika barua ya kuacha kazi, ikakubaliwa, siwezi kurudi tena. Matofali nimechukua kwa deni nikingoja milioni zenu 40, mama watoto ananiuliza kila siku mwenye matofali tutamlipa na nini, sina jibu.

Kuna na hili la NSSF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi. Kijana wenu alisema tena nitachukua asilimia 20 ya NSSF kwa vile nimepita 45, ati sheria ya 2022 imeruhusu. Sheria ipo kweli lakini ni ya watu walioweka akiba kule miaka 10, wale wanaokatwa asilimia 5 na mwajiri anaongeza 10. Mimi nilikuwa mtumishi wa serikali wa pensheni, sijakatwa hata senti ya NSSF maisha yangu yote, angeangalia karatasi yangu ya mshahara angeona. Mtu anayeuza ushauri wa kustaafu hajui hata hilo?

Nilipouliza kuhusu ile theluthi mkaniambia hiyo imeenda moja kwa moja sitaiona tena, na hapo pia mlikosea, baada ya miaka 15 pensheni inarudi nzima. Fikiria mzee anayeamini amebaki na hiyo kidogo mpaka kufa, anaenda kuuza shamba kwa hofu tu.

Sasa juzi mmenitumia meseji mnataka asilimia 10 ya kiinua mgongo, ndio 2,246,400, ati ya kufuatilia faili Kampala. Faili gani? Fomu nilijaza mwenyewe wilayani, barua ya kuajiriwa na ya kuthibitishwa kazini nilipeleka mwenyewe, na pesa inaingia kwa akaunti yangu. Hiyo silipi.

Ninachotaka: mnirudishie 850,000 yangu ndani ya siku 14, hiyo asilimia 10 mniandikie kwamba hamnidai, na huyo kijana aache kwenda kantini kudanganya wenzangu, kuna wawili pale wameshaanza kuandika barua za kutoka na mmoja amebakiza miaka minne tu. Kama siku 14 zinapita kimya naenda polisi na karatasi yenu ya muhuri, halafu mahakamani. Risiti yenu na meseji zote nimefanya fotokopi nimeambatanisha hapa.

Mimi mteja wenu,
Karani mstaafu, Arua