Aksanti kwako, mama wa sambaza

Wewe unayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ulikataa nikutaje jina, basi nakushukuru hivi hivi mbele ya watu wote wa Bukavu. Tangu nibadilishiwe goti, wengi walikuja kunipa pole, na karibu wote walinisihi nilale tu. Wewe ndiye uliyenisimamisha.

Kwenye ngazi za karibu na soko la Kadutu, nilipokwama na magongo yangu, uliweka beseni lako chini ukaniambia, "Mama, ukipanda, mguu mzima utangulie. Ukishuka, magongo kwanza, kisha mguu wa goti jipya." Ukashuka mbele yangu kinyumenyume, mikono umeitanua, hadi ngazi ya mwisho. Ulikuwa umemuuguza mume wako baada ya upasuaji kama huu, ndiyo maana ulijua.

Kisha ukawa unakuja nyumbani jioni. Mto niliouweka chini ya goti ukauondoa, maana goti likizoea kukaa limekunjwa halinyooki vizuri. Kisigino ukakiegemeza kwenye taulo, ukanihesabia nikikaza paja. Barafu ukaifunga kitambaa isiunguze ngozi. Nilipolia kwa maumivu ulinyamaza nami, halafu ukasema, "Tena, mama." Nami nikarudia.

Leo natembea hadi Nyawera bila gongo. Kukimbia na kuruka sitajaribu, na jioni uvimbe bado hunijia. Goti kama hili linaweza kuendelea kupata nafuu hata mwaka mzima. Aksanti sana, mama. Mungu akulinde wewe na watoto wako, na sambaza zako ziishe mapema kila siku.